Kisiwa cha Hayy na Kijiji cha Bwejuu

Ibn Tufayl, tabibu wa Andalusi aliyefariki Marrakesh mwaka 1185, aliandika kisa cha mtoto aliyekulia kisiwani bila ya kuonana na binadamu hata mmoja. Kisiwa chenyewe alikiweka katika visiwa vya Hindi, chini ya ikweta. Mtoto huyo, Hayy ibn Yaqzan, alinyonyeshwa na paa. Paa alipokufa, Hayy alimpasua kifua kutafuta kile kilichomtoka, na usomi wake ukaanzia hapo. Kwa macho yake, mikono yake na fikra zake tu akaujua moto, akavijua viungo vya wanyama, akazijua nyendo za nyota, na mwisho akamjua Muumba. Edward Pococke alipokitoa kisa hicho kwa Kilatini mwaka 1671, alikipa jina la mwanafalsafa aliyejifunza mwenyewe, na Ulaya ikakisoma kwa hamu.

Lakini Hayy alifika umri wa miaka 50 hajui kusema hata neno moja. Aliweza kuigiza sauti za ndege na wanyama, basi. Kusema alikuja kufundishwa na Absal, mchamungu aliyehamia kisiwani humo kutafuta upweke wa ibada. Absal alimwonesha kitu, akakitaja jina, akamtaka alirudie. Kisha kitu cha pili, na cha tatu, mpaka Hayy akazungumza.

Hapo pana jambo zito. Ibn Tufayl alimpa mtu wa peke yake kila elimu, hata ile kubwa kuliko zote ya kumjua Mungu, lakini lugha hakumpa. Kwa lugha alilazimika kumleta mtu wa pili.

Bwejuu, kusini mashariki ya Unguja, suala hilo halikubaki vitabuni. Kijiji kimekaa kati ya Paje na Michamvi. Mbele yake ni bahari ambayo maji yakitoka hutoka mbali, na kina mama hushuka kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoingia pwani hii mwishoni mwa miaka ya 1980. Kando ya mchanga zimejipanga hoteli. Vijana waliomaliza sekondari wanaishi baina ya mwani na hoteli, na baadhi yao wanataka jambo la tatu: nafasi ya chuo nje ya nchi, ufadhili wa masomo, kazi ya uuguzi Uingereza. Mlango wa kila kimoja una mtihani wa Kiingereza. Kozi za kuuandaa ziko mjini au ng'ambo ya maji, zina ada, na nauli ya kwenda na kurudi nayo ni pesa. Basi kijana anaamua kujisomesha mwenyewe. Ana simu, ana bando la wiki, ana daftari na kitabu cha mitihani iliyopita kilichoshapita mikononi mwa wengi kabla yake.

Mtihani unaotajwa zaidi ni IELTS, ulioanza kwa jina hilo mwaka 1989. TOEFL ya Wamarekani ni kongwe zaidi, ya tangu 1964. IELTS ina sehemu nne. Kusikiliza kuna maswali 40 kwa muda wa kama dakika 30, na sauti hupigwa mara moja tu. Kusoma kuna maswali 40 kwa dakika 60. Kuandika ni dakika 60 kwa kazi mbili, ya kwanza isipungue maneno 150 na ya pili 250. Kusema ni dakika 11 hadi 14 mbele ya mtahini, na katikati yake mtahiniwa hupewa kadi yenye mada, dakika moja ya kujipanga, kisha azungumze mfululizo hadi dakika mbili. Hakuna kufaulu wala kufeli. Kuna alama kutoka 0 hadi 9, na anayezipokea ndiye anayesema zinatosha au hazitoshi. Baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza, kwa mfano, hutaka 7 katika kusoma, kusikiliza na kusema, na 6.5 katika kuandika. Matokeo hukubalika kwa miaka miwili, kisha hukosa nguvu.

Sehemu mbili za mtihani huo zinaandalika na mtu aliyejifungia chumbani. Kusoma na kusikiliza kuna majibu nyuma ya kitabu: mtu anajipima, anajisahihisha, anajua amepata 22 kati ya 40 na wiki ijayo anataka 26. Kuandika na kusema hakuna majibu nyuma ya kitabu. Insha aliyoiandika kijana usiku ule haijawahi kuandikwa na mtu mwengine duniani, na hakuna ukurasa utakaomwambia kwamba mstari wa tatu umepinda.

Wala yeye mwenyewe hauoni. Mswahili aliyezoea kusema "alikwenda" bila ya kujali mke wala mume atasimulia habari za mama yake kwa Kiingereza kama anasimulia za mwanamume, na sikio lake litampitisha, kwa sababu linajua alichokusudia. Irabu fupi na ndefu za Kiingereza atazitamka mahali pamoja, meli ikageuka kondoo, na hatosikia tofauti. Kwa upande mwengine, Mzanzibari ana neema yake: sauti za th na dh, zinazowatesa Wafaransa na Wajerumani, yeye anazo tangu alipoanza kuhesabu thelathini na kutaja dhahabu. Lakini hilo nalo hatolijua mpaka mtu wa nje amwambie.

Kwa njia ya dini, kijiji kinalielewa jambo hili tangu zamani. Katika chuo cha Kurani mtoto hasomi msahafu peke yake. Anakaa mbele ya maalim, anasoma, ulimi ukiteleza baina ya sini na swadi anasikia, "Rejea, mwanangu," na anarejea aya toka mwanzo. Msahafu upo mbele yake, herufi zimeandikwa wazi, irabu zimetiwa zote. Hata hivyo usomaji haupokewi kwa macho. Hupokewa kinywani mwa aliyeupokea kwa mwengine, na wanavyuoni wa kale walionya kwamba Kurani isichukuliwe kwa mtu ambaye sheikh wake ni karatasi. Sheikh Abdullah Saleh Farsy, katika kitabu chake juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, amewapanga watu kwa mtindo huohuo: fulani kasoma kwa nani, na nani kasoma kwake. Sayyid Ahmed bin Sumayt, kadhi mkubwa wa Unguja aliyefariki 1925, na Sheikh Abdalla Bakathir wa Ukutani aliyefariki mwaka huohuo, wote walivuka bahari kutafuta masheikh ilhali vitabu walikuwa navyo nyumbani.

Na ndani ya Suratul Baqara, Adam anafundishwa majina yote. Kisha malaika wanaulizwa majina hayo, wanakiri kuwa hawajui ila walichofundishwa, na Adam anatakiwa ayataje. Kwa msomaji anayeanza msahafu mwanzo, huo ndio mtihani wa mwanzo kukutana nao, nao ni mtihani wa kusema. Baba wa watu hakuyapata majina kwa kukaa na kuwaza. Alifundishwa kwanza, ndipo akaulizwa.

Aliye upande wa pili, anayeshikilia kwamba mtu anaweza kujisomea bila ya mwalimu, naye ana hoja, na haifai kumpita haraka, hasa kwa kuwa ni hoja ya maskini. Ali ibn Ridwan, mtoto wa mwoka mikate wa Giza, aliishi Misri ya Wafatimi katika karne ya 11. Hakuwa na pesa ya mwalimu. Alikaa njiani akiwaagulia watu kwa nyota ili apate riziki, na usiku akasoma vitabu vya Galeni na Hipokrati mwenyewe, mpaka akawa mkuu wa matabibu wa Kairo. Mtu kama huyo ana haki ya kusema kwamba kitabu cha bingwa ni bora kuliko mwalimu asiyekifahamu, na alisema. Mwaka 1049 akafika Kairo tabibu Mkristo wa Baghdad, Ibn Butlan, aliyesomeshwa na walimu wakubwa, na wawili hao wakashambuliana kwa risala ambazo zimehifadhiwa hadi leo. Ibn Butlan alisema kitabu hakiwezi kubadilisha maneno yake msomaji anapokwama, mwalimu anaweza. Akasema maandishi ya Kiarabu yakikosa nukta humpotosha msomaji na hana wa kumzindua. Akasema elimu hupita kwa wepesi kutoka nafsi hai kwenda nafsi hai.

Katika utabibu wa vitabu ushindi ni wa Ibn Ridwan, na umma umejaa mifano ya kumuunga mkono. Imamu Ghazali ameeleza kwamba falsafa aliisoma bila ya mwalimu, kwa nafasi alizozipata baina ya darsa zake za Baghdad ambako alikuwa akisomesha wanafunzi 300, na haikumchukua hata miaka miwili kuifahamu. Kumwambia kijana asiye na ada kwamba hakuna elimu bila ya mwalimu wa kulipwa ni kumfungia mlango, na Ibn Ridwan aliuvunja mlango huo kwa mikono yake. Ila wote hao walijisomea ndani ya lugha waliyokwishaipata kwa watu. Kitabu kiliwapa elimu kwa sababu lugha ya kitabu ilikuwa tayari imo vinywani mwao. Anayeisomea lugha yenyewe yuko mahali pengine, na huko hoja za Ibn Butlan ndizo zinazosimama.

Unguja ina mfano wake, tena wa ndani ya kasri. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, alifundishwa kusoma Kurani kama watoto wenziwe wa kike, lakini kuandika wasichana hawakufundishwa. Akajifundisha mwenyewe kwa siri. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ule mpana uliotumika kama ubao, akaiweka Kurani mbele yake na kunakili herufi moja moja, akijitahidi zifanane. Herufi zikatoka. Alipoona amezishika, hakuendelea peke yake: alimtaka mtumwa mmoja wa nyumbani mwenye kujua kuandika amfunze hati iliyo sawa. Mambo haya ameyaeleza mwenyewe katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Berlin mwaka 1886. Kuandika huko kulimfikisha mbali kuliko alivyotaraji. Mwaka 1859, kaka yake Barghash alipokula njama dhidi ya ndugu yao Majid, aliyekuwa Sultani, binti wa umri wa miaka 15 ndiye aliyekuwa mwandishi wa barua za kundi zima.

Mwenye kuijua njia ya Salme anaona wapi peke yake inatosha na wapi inakwisha. Mfupa na Kurani vilimfikisha kwenye herufi. Hati iliyo sawa ilitaka jicho la mtu mwengine, hata kama mtu huyo hakuwa na cheo chochote mbele ya binti wa Sultani. Jambo hilo linastahiki kusemwa kwa sauti kubwa Bwejuu, ambako wengi hudhani mwenye kusahihisha lazima awe Mzungu, au profesa, au mtu wa kituo cha mjini. Mfanyakazi wa mapokezi anayezungumza na wageni kutwa anaweza kusikiliza dakika mbili za kadi na kusema wapi hakufahamu. Mwalimu wa sekondari aliyeko likizo anaweza kuisoma insha. Shangazi aliyeolewa ng'ambo anaweza kupokea voisi ya WhatsApp na kuirudisha na masahihisho. Hata watahiniwa wawili wa kiwango kimoja wakikaa, mmoja akawa mtahini na mwengine mtahiniwa, kisha wakabadilishana, watasaidiana, kwa sababu kosa la mwenzio hulisikia upesi kuliko lako.

Tena kijiji kina ushahidi unaodhaniwa kuwa wa kinyume, unaotembea ufukweni kila siku. Mapapasi wa pwani ya mashariki, vijana wanaowaandama watalii kuwatafutia huduma, wanazungumza Kiingereza na Kitaliano ambacho hawakukisomea darasani hata siku moja. Watu huwaita waliojifunza wenyewe. Hawakujifunza wenyewe hata kidogo: walifunzwa na mamia ya wageni, kila mmoja kwa dakika chache, kila mmoja akikunja uso asipofahamu na kucheka akifahamu. Mapapasi ni akina Hayy waliopata kina Absal wengi. Lakini mpe mmoja wao karatasi aandike maneno 250 kutetea rai yake juu ya ushuru au usafiri wa umma, na atakwama.

Ibn Khaldun, aliyefariki Kairo mwaka 1406, aliliona hilo kutoka upande wa pili. Katika Muqaddima anasema lugha ni malaka, yaani tabia inayotulia ndani ya nafsi kwa kukariri matumizi, na kwamba kuzijua kanuni za sarufi ni jambo jengine kabisa. Anatoa mfano wa mtu anayeweza kueleza vizuri namna ya kushona, sindano inaingia wapi na uzi unatoka wapi, ilhali akipewa nguo hawezi kushona. Kijana aliyejifungia na kitabu cha sarufi ni mtu huyo. Papasi ni fundi anayeshona bila ya kuweza kueleza, tena kitambaa cha aina moja tu. Mtihani unawataka wote wawili wawe mtu mmoja, na ndiyo maana unawashinda wengi waliojiona wako tayari.

Ibn Khaldun anakwenda mbele zaidi, na hapa anamgusa mtoto aliyehitimu chuoni. Anataka mwanafunzi ahifadhi maneno mengi mazuri ya wenye lugha. Halafu, anapozungumzia utunzi wa mashairi, anataja sharti la kuyasahau aliyoyahifadhi, yafutike maneno yenyewe na ubakie mtindo wake ndani ya nafsi. Vijana wengi wanaojiandaa wenyewe hushika nusu ya kwanza ya shauri hilo na kuiacha ya pili. Wanahifadhi insha nzima kutoka intaneti na kuzimimina mtihanini. Watahini wamefunzwa kuyatambua majibu ya kuhifadhi na kuyapunguzia alama. Kwa mtu ambaye elimu yake ya mwanzo, na tukufu kuliko zote, ilikuwa kuhifadhi neno kwa neno bila ya kubadilisha hata irabu, kugeuka huku si jambo jepesi. Neno la Mungu halibadilishwi. Insha ya mtahiniwa inatakiwa iwe yake. Ni adabu mbili tofauti za kusoma, na mwanafunzi anahitaji kuambiwa waziwazi kwamba ni mbili, asidhani anavunja ya kwanza anapoishika ya pili.

Siku hizi pana akili bandia ndani ya simu. Hoja ya Ibn Butlan kwamba kitabu hakibadilishi maneno yake haiigusi tena: programu hubadilisha maneno mara kumi bila ya kuchoka, huisahihisha insha kwa sekunde chache, na nyingi hutumika bila ya ada ya mwezi. Kijana wa Bwejuu amepata kitu ambacho Ibn Ridwan angelikilipia utajiri wake wote, na ni kosa kumkataza. Kasoro iko kwenye kusema. Huku tumelelewa kwamba mdogo hasemi kwa kirefu mbele ya mkubwa, hamkatalii, hamkodolei macho. Sehemu ya kusema inataka hayo yote: mtahiniwa amtazame mtu asiyemjua, aseme dakika mbili, atoe rai na aitetee. Aliyezungumza na simu miezi mitatu hajawahi kulikabili lile fundo la koo. Staha hiyo ni haya, na haya ni sehemu ya imani; hakuna anayemtaka mtu aitupe. Lakini Bi Aisha, mke wa Mtume, aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao. Sifa hiyo inawahusu hasa wasichana wa Bwejuu. Kaka zao wanaweza kushinda ufukweni na wageni na kurudi na lugha. Wao hawawezi, na hakuna anayetaka waweze kwa njia hiyo. Kwa hiyo wao ndio wanaobaki peke yao kweli na kitabu, na wao ndio wengi wenye hamu ya uuguzi.

Imamu Ghazali, katika Kitabu cha Elimu kinachofungua Ihya, anauhesabu utabibu kuwa fardhi kifaya: wakiutekeleza baadhi, wengine wamesalimika, wakiuacha wote, wote wana dhambi. Akalalamika kwamba miji mingi ya zama zake haina tabibu Muislamu ilhali watu wanabanana kwenye fiqhi. Leo vitabu vya utabibu vinavyosomwa Dar es Salaam ni vya Kiingereza, na sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamua hesabu na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Ikiwa elimu ni fardhi ya wote mpaka ipatikane, basi na njia ya kuifikia ni deni la wote. Mama wa shamba la mwani hawezi kuisahihisha insha, lakini anaweza kumsamehe binti yake saa mbili za maji kutoka. Mwenye hoteli anaweza kutoa chumba kimoja jioni moja kwa wiki, na mgeni mwenye subira hakosekani. Kijana anayejiandaa peke yake hakuchagua upweke huo. Kijiji, hoteli na ndugu wameuacha uwe hivyo, na wakitaka wanaweza kuuondoa mwezi huu.

Wapo watahiniwa wa Unguja wanaovuka kwenda Dar es Salaam kufanya mtihani. Mtahini wanayemkuta huko hatakiwi kuwasahihisha. Anasikiliza, anauliza swali linalofuata, anaweka alama, anashukuru. Masahihisho yote yanatakiwa yawe yameshapita kabla ya boti kuondoka bandari ya Malindi, Unguja.